Hata Mumewe Kasema

Siku Mwalimu alipomwambia mumewe kwamba ameacha kazi ili agombee udiwani, mumewe alikuwa anakula huku anasoma. Halikuwa jambo geni. Profesa alikula huku anasoma, alinyoa ndevu huku anasikiliza taarifa ya habari, na mkewe alishazoea kwamba ukiwa na neno la maana, subiri afike mwisho wa ukurasa. Alisubiri. Profesa akafungua ukurasa mwingine. Basi akaamua kusema hivyo hivyo.

"Baba watoto, leo nimepeleka barua ya kuacha kazi."

"Mm."

"Nagombea udiwani."

Profesa akaweka kidole kwenye mstari aliofikia asije akaupoteza, ndipo akainua macho. Akamtazama mkewe kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali zuri kwa wakati mbaya.

"Kata hii yetu?"

"Kwani nina nyingine?"

"Kwa chama gani?"

"Sina chama. Nasimama mwenyewe."

Profesa akatabasamu. Hakutabasamu kwa ubaya. "Jambo jema," akasema. "Utajifunza mengi." Akaondoa kidole, akaendelea pale pale alipoachia.

Alimwita "Mwalimu" kama walivyomwita watu wote, maana alikuwa amefundisha shule ya msingi iliyo nyuma ya soko tangu ujana wake mpaka akawa mwalimu mkuu, na nusu ya mtaa ilijifunza kusoma kwa fimbo yake. Yeye naye alimwita mumewe "Baba watoto", ingawa mtoto alikuwa mmoja tu, binti wa miaka kumi na sita. Wa nne nyumbani alikuwa mama yake Mwalimu, bibi mwenye magoti mabovu na masikio mazima, ambaye kutwa alikaa mbele ya televisheni. Mkwewe alipotokea kwenye kioo kuchambua siasa, bibi aliongeza sauti na kuwanyamazisha wote: "Nyamazeni, mkwe wangu anaongea!" Mara nyingine kilikuwa kipindi cha marudio, na anayenyamazishwa ni mkwe huyo huyo, amesimama mlangoni anauliza chumvi iko wapi.

Profesa alifundisha siasa chuo kikuu, na uchaguzi ndio uliokuwa uwanja wake. Msimu wa kura ukikaribia simu yake haikulala. Redio zilimtaka, televisheni zilimtaka, magazeti yalimtaka. Walimpenda kwa sababu moja: hakuwa na upande. Waliokuwa madarakani walimsikiliza bila kununa na waliokuwa nje walimsikiliza bila kuzomea. "Yule hana upande," watu walisema, naye akiisikia sifa hiyo aliimeza kama asali. Angeweza kupoteza vyote, lakini si hiyo.

Mwalimu alianza kampeni kwa miguu. Alikwenda nyumba hadi nyumba amevaa ndala, binti nyuma yake na ndoo ya gundi na mabango yenye picha ambayo binti mwenyewe alimpiga mama yake uani. Hakuahidi barabara wala hospitali. Alizungumzia mtaro. Mtaro ule ulipita kando ya shule, na kila mvua ikinyesha ulifurika, watoto wakaingia darasani wamebeba viatu mkononi. Mpinzani wake, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bati, alikuwa na chama, magari na vipaza sauti. Mwalimu alikuwa na mtaro.

Hata hivyo watu walianza kumsikiliza. Wauza mboga walimwita wamwambie la moyoni. Vijana aliowachapa zamani wakajitolea kushika ngazi mabango yabandikwe juu, Bati asiyafikie. Bibi, kwa simu yake ya vitufe, akawapigia wazee wenzake mmoja mmoja na kuwaapisha. Jioni moja Mwalimu alirudi uso unang'aa, akakaa bila hata kuvua ndala.

"Baba watoto, watu wananiitikia."

"Watu huwaitikia wagombea wote," Profesa akasema nyuma ya gazeti. "Ni adabu tu."

Mwalimu akacheka. Wakati huo bado ulikuwa utani.

Wiki moja kabla ya kura, Profesa akaalikwa kipindi cha asubuhi redioni. Maongezi yalikwenda vizuri. Alichambua mkoa, akachambua taifa, na mtangazaji, kijana mcheshi mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, akawa anaitikia "ehee, ehee" kama mtu anayehadithiwa. Dakika za mwisho akacheka.

"Profesa, kabla hatujaachana. Kuna kata moja ina mgombea ambaye wewe unamfahamu kuliko sisi. Je, mke wako atashinda? Au tusikuchonganishe na nyumbani?"

Mlango huo aliachiwa wazi kabisa. Angecheka tu naye akapita. Angesema, mke wangu ni mke wangu, niulize mwingine, na nchi nzima ingecheka pamoja naye. Lakini aliwafikiria wahadhiri wenzake waliokuwa wanasikiliza ofisini, wakisubiri waone kama mzee wa kutokuwa na upande naye ana upande. Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Hapana, uliza tu. Nakujibu kama mchambuzi, si kama mume. Mgombea huyo hana nafasi. Anapendwa, sikatai, lakini kupendwa si kuchaguliwa. Hana chama, hana mtandao. Atakayempa kura, hiyo ni kura iliyopotea."

"Duh!" mtangazaji akasema. "Wasikilizaji, huyo ndiye Profesa."

Alipofika nyumbani alikuta redio imezimwa. Bibi alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mchambuzi." Akaokota jiwe, akalirusha uani. "Mimi nikichambua mchele huwa natupa mawe. Wewe mwenzangu umetupa mchele."

Mwalimu alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, mabango yaliyobaki yamekunjwa miguuni pake. Profesa alikuwa njia nzima anapanga hoja. Alizipanga bure, kwani mkewe hakupiga kelele.

"Ungesema hujui," akasema. "Ungekufa?"

"Ningesema uongo."

"Kwani unajua?"

"Najua kwa kadiri mambo haya yanavyoweza kujulikana."

"Sikukuomba unisifu. Hata siku moja sijakuomba. Ningekuomba unyamaze tu, hata hilo sikukuomba, maana sikudhani linaombwa." Akainama, akaanza kuyanyoosha mabango. "Umenivua nguo sokoni, Baba watoto."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwita hivyo.

Kesho yake mchana walikuwa mezani gari la matangazo lilipoingia mtaani. Sauti iliyotoka kwenye vipaza ilikuwa ya Profesa mwenyewe, imekatwa na kuunganishwa vizuri: *Mgombea huyo hana nafasi. Kura iliyopotea. Kura iliyopotea.* Kisha ngoma, kisha mpiga debe wa Bati akipasua koo: "Hata mumewe kasemaaa!" Nyuma ya gari walikimbia watoto wa shule, sare zimechomoka, wanaitikia kwa furaha ya watoto wasiojua wanachokiimba. "Hata mumewe kasema! Hata mumewe kasema!" Mwalimu aliwajua kwa majina. Mmoja wao ni yeye mwenyewe aliyemfundisha kutamka herufi r mpaka akaweza, na sasa aliitamka wazi kabisa kwenye "kura".

Binti akainuka kufunga dirisha.

"Acha," mama yake akasema. "Kuna joto."

Gari likapita chini ya dirisha polepole, likasimama kidogo, likaendelea. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande.

"Wamekata sentensi," akasema. "Nilisema anapendwa."

Bibi alimkazia macho mpaka Profesa mwenyewe akayarudisha kwenye kitabu. Baada ya chakula aliipigia simu redio kulalamika, naye alilalamika kwa ukali: maneno yake yamenukuliwa nje ya muktadha, na heshima yake ya kitaaluma imeguswa. La mkewe hakuligusia.

Lile gari lilizunguka kata siku zote zilizobaki. Mwalimu hakuacha kwenda nyumba hadi nyumba, ila sasa watu walimpokea kwa huruma, na huruma haina kura. Wengine walimkaribisha kiti na maji, wakamuuliza hali ya nyumbani, wakamtazama kama wanavyomtazama mgonjwa. Wengine walicheka kabla hajafika mlangoni.

Siku ya kupiga kura Mwalimu alikwenda shuleni kwake, kwani ndiko kituo kilikuwa. Akapanga foleni kwenye veranda alipokuwa akisimama kila asubuhi. Profesa hakupiga kura siku hiyo. Tangu alfajiri alikuwa studio ya televisheni, amepakwa poda, anaeleza nchi nzima kwa nini raia asiyepiga kura anajidhulumu.

Matokeo ya kata yao yalisomwa mchana wa siku iliyofuata, naye bado yuko kwenye kiti kile. Bati ameshinda. Mtangazaji akamgeukia akicheka: "Profesa, ulisema!" Naye, kabla hajakumbuka ni nani aliyeshindwa, alikaza tai yake kwa raha. Ndipo akaona tarakimu. Mkewe alikuwa ameshindwa kwa kura chache mno. Wenye kura hizo wangeingia wote sebuleni kwao na viti vingebaki. Mtu asiye na nafasi hashindwi hivyo. Profesa alijua, kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle studio, tarakimu zile zilimaanisha nini. Kitu kikamchoma kifuani. Kwa bahati mbaya alikidhania ni hamu ya utafiti.

Baada ya siku chache Bati mwenyewe akaja nyumbani na wapambe wake, suti mpya, manukato yametangulia mlangoni. Akamkumbatia Profesa mpaka miwani ikapinda.

"Kaka! Nimekuja kutoa shukrani. Wapiga debe wangu wote wamenisumbua kwa posho. Wewe umenipigia bure, tena kwa lugha ya chuo kikuu!"

Wapambe wakaangua kicheko. Profesa akasema kwamba yeye hakumpigia debe mtu yeyote, kwamba ilikuwa tathmini huru. Bati akamgonga begani. "Huru kabisa, kaka. Huru kabisa."

Mwalimu akatoka jikoni na sinia la chai. Bati akasimama kwa heshima.

"Mwalimu, siasa si uadui."

"Kweli, Mheshimiwa. Sukari vijiko vingapi?"

Akamtilia, akamkorogea, akawahudumia wapambe mmoja baada ya mwingine, akarudi jikoni. Binti alimkuta huko amesimama, amebana kijiko kinywani ili asitoe sauti.

Kazi hakuipata tena. Shuleni alikuwa amekwishaletwa mwalimu mkuu mwingine. Wizarani waliambiana kwamba mtu aliyeingia siasa akashindwa ni bora asubiri, wakamwambia asubiri. Akawa anashinda nyumbani. Alipanga makabati, akayapangua. Profesa alikuwa anaandika makala kuhusu wagombea wasio na chama, na kata yao ndiyo iliyokuwa mfano wake mkuu. Alimhoji Bati. Akawahoji wauza mboga. Alibakiza mtu mmoja.

Jumamosi moja alasiri alimkuta sebuleni anakunja nguo. Feni inazunguka, bibi anasinzia chumbani.

"Mwalimu, nina ombi. Ningependa nikuhoji. Hatutachukua muda."

Mkewe alimtazama. Akaliweka chini shati alilokuwa analikunja. Lilikuwa la Profesa.

"Kaa."

Profesa akaweka simu mezani, akabonyeza kurekodi. Akasafisha koo.

"Mgombea, kwa maoni yako—"

"Mgombea?"

"Ni utaratibu tu. Ili nisichanganye mambo."

"Haya. Usichanganye."

Akamuuliza alivyopata wazo, akamuuliza alivyowafikia wapiga kura. Mwalimu alijibu yote, kwa sentensi kamili, kama anavyotaka wanafunzi wajibu. Alimweleza kwamba baada ya redio wanawake walimwambia wazi: Mwalimu, tulikuwa tukupe, lakini kama anayelala nawe hakuamini, sisi ni nani? Profesa akatikisa kichwa, akaandika. Akafika swali la mwisho.

"Na wewe mwenyewe, siku ya kura, ulikuwa na imani kiasi gani?"

Mwalimu akanyamaza. Profesa alijua kunyamaza kwa mhojiwa hakukatizwi, akasubiri.

"Nilipoingia kile kibanda," mkewe akasema, "nikaona picha yangu kwenye karatasi. Ile aliyonipiga mtoto. Nikashika kalamu. Nikajiambia, huyu mwanamume umeishi naye miaka yote hii, hajakudanganya hata mara moja. Ukimuuliza kama gauni limekukaa, hasemi la kukufurahisha, anasema ukweli. Basi kama amesema kura hii imepotea, imepotea. Nikamtia alama Bati." Akameza mate. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilitaka angalau moja isipotee."

Profesa alijua kuna jambo mtu hufanya mahali kama hapo. Mkono wake ukanyooka kuelekea upande wa mkewe, na mkewe akauona ukija. Ukaishia kwenye simu. Akaigeuza, akahakikisha inarekodi.

"Samahani," akasema. "Hapo mwisho unaweza kurudia? Nahisi feni imefunika sauti."

Mwalimu akarudia. Akarudia neno kwa neno, polepole, akipumzika penye mkato na penye nukta, kama mtu anayesomea darasa imla. Alipomaliza akauliza, "Umepata?"

"Nimepata. Asante."

Akalichukua lile shati, akamalizia kulikunja.

Asubuhi yake mkewe, binti na bibi walikuwa wanaondoka. Mwalimu alisema wanakwenda kwa kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, upande wa pili wa mji. Profesa aliwabebea mabegi mpaka kwenye teksi na kuyapanga vizuri kwenye buti, kwani alidhani ni matembezi. Binti aliingia mbele bila kumwangalia. Profesa akainama dirishani.

"Mtarudi lini? Jumapili ijayo?"

Bibi ndiye aliyejibu, akijivuta na magoti yake kiti cha nyuma. "Mwanangu, nilikuwa nawanyamazisha watu ili usikike. Mungu anisamehe."

Teksi ikaondoka.

Makala ilipokewa vizuri sana. Profesa aliisoma kwenye mkutano wa wasomi, na alipofika kwenye maneno ya mgombea aliyejinyima kura yake mwenyewe, ukumbi ukatoa sauti, ile sauti ya watu waliopewa kitu kitamu. Mmoja akamuuliza amempataje shahidi wa namna hiyo. "Ni mtu wa karibu," akasema, na ukumbi ukacheka, naye akacheka nao.

Nyumbani hakuna aliyemkatiza tena. Alisoma mezani, akasoma kitandani, upande wa mkewe ukajaa vitabu. Maisha yake yote alikuwa ametamani kimya cha namna hiyo. Akagundua anasoma ukurasa mmoja jioni nzima na hajui umesema nini. Siku moja, ili kuhakiki nukuu kabla makala haijachapwa, alifungua yale mahojiano. Feni ilisikika kwa mbali. Sauti ya mkewe, mara ya kwanza aliposema, ilisikika vizuri kabisa, mpaka pale alipomeza mate. Hakuna kilichokuwa kimefunikwa. Kisha ikasikika sauti nyingine, ya upole, ya adabu, inamwomba arudie. Profesa akaizima. Akakaa na mikono mapajani. Mara ya kwanza katika maisha yake alijisikia kama wanavyomsikia wengine, na akataka kutoka nje ya nyumba.

Akaenda kwa shemeji yake. Fundi alikuwa getini na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso. Hakumpa mkono, alisema mkono una masizi, lakini ulikuwa safi. "Yuko verandani. Anafundisha. Subiri."

Mwalimu alikuwa amekusanya watoto wa jirani, wamekaa chini kwenye mkeka, ubao umeegeshwa ukutani. Alimwona. Wanafunzi nao wakamwona, wakageuka, na mmoja akanong'ona kitu kilichowafanya wenzake wabane vicheko. Mwalimu akagonga ubao. Hesabu zilikuwa zimekwisha, lakini akaandika nyingine, ndefu, kisha nyingine tena. Profesa alisimama juani mpaka zikaisha zote.

Watoto walipotawanyika, Mwalimu alikunja mkeka. "Karibu," akasema, kama anavyomkaribisha mzazi aliyeitwa shule.

Profesa alisema alichokuja kusema. Alianza vizuri, alisema amekosa. Kisha akasema kwamba kwa upande mmoja alikuwa na wajibu kwa umma, ingawa kwa upande mwingine alipaswa kupima athari, na kwamba katika mazingira yale ilikuwa vigumu kutenganisha nafasi mbili za mtu mmoja. Alijisikia akiyasema. Alitaka kuacha, hakuweza, kwa sababu hakuwa na maneno mengine. Akaongea mpaka machozi yakamtoka, na hata hapo bado alikuwa anaeleza.

Mwalimu alifuta ubao wote, pembe hadi pembe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya." Akakung'uta kitambaa, vumbi la chaki likapeperuka kati yao. "Ukitoka funga geti. Mbwa wa jirani anaingia."